Fedha za kupanda ushoroba zipo. Za kuutunza mwaka wa tano zitoke wapi?

Swali: “Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi. Tuna ukanda wa kilomita 3 unaofuata mfereji wa maji ya mvua kati ya bustani mbili kubwa za umma, na tunataka uwe ushoroba wa kijani wa nyuki, vipepeo na wachavushaji wengine. Sehemu yake ni hifadhi ya barabara, sehemu nyingine iko chini ya nyaya za umeme. Halmashauri imetuambia wazo ni zuri ila fedha hakuna. Kampuni moja iko tayari kulipia upandaji wote kwa sharti kwamba iweke bango la jina lake pamoja na mizinga 10 ya nyuki. Baadhi ya wanachama wanataka tuchangishe mtandaoni, wengine wanasema tuuze hewa ya ukaa. Gharama kamili hatuijui, na tunaogopa kuanza kitu kitakachokufa. Tuanzie wapi, na ofa ya kampuni tuikubali?”

Ndugu Katibu, katika yote uliyoandika, lililonishika ni hilo la kuogopa kuanza kitu kitakachokufa. Hofu hiyo ina msingi. Kanda za maua mijini mara chache hufa kwa kukosa mbegu au kwa kukosa watu wa kujitolea siku ya kupanda. Hufa baadaye, fedha za mradi zikishakwisha, magugu yakishashika, na mkandarasi wa kufyeka akipita na mashine yake kama alivyozoea kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubadilisha mkataba wake. Kwa hiyo nitakujibu nikianzia nyuma, kwenye fedha za utunzaji, na ofa ya kampuni nitaifikia baadaye.

Tuanze na hilo jibu la halmashauri. Mimi naamini aliyewajibu alisema kweli. Bajeti ya mji huwa na mafungu mawili yasiyochanganywa: fedha za maendeleo, zinazojenga na kununua, na fedha za matumizi ya kawaida, zinazolipa mishahara, mafuta na usafi wa kila siku. Ruzuku, mikopo, wafadhili na michango ya watu hupenda fungu la kwanza, maana kuna kitu cha kuonyesha na siku ya kukizindua. Kumwagilia miche, kung'oa magugu, kufyeka kwa wakati wake na kuzoa nyasi zilizofyekwa ni kazi za fungu la pili, na fungu hilo ndilo linalobanwa kila mwaka. Ofisa akiletewa ushoroba “wa bure”, yeye anaona mzigo mpya kwenye fungu ambalo tayari limepwaya. Mkilielewa hilo, mazungumzo yenu naye yatabadilika. Hamtamwomba tena apokee zawadi, mtamwonyesha jinsi ukanda utakavyotunzwa bila kumwongezea mzigo.

Na hilo linawezekana, kwa sababu ukanda wenu si ardhi isiyotumia fedha. Kuna mtu analipwa kufyeka nyasi za hifadhi ya barabara. Kuna mtu analipwa kuzibua mfereji na kuondoa tope. Shirika la umeme linalipa watu wa kukata miti inayokaribia nyaya. Haya ni malipo matatu kutoka mifuko mitatu, mwaka nenda mwaka rudi, juu ya ardhi ileile, na huenda hakuna aliyewahi kuyajumlisha. Kazi yenu ya kwanza ndiyo hiyo: kabla ya kumwandikia mfadhili yeyote, ulizeni kwa barua kila idara na kila shirika linatumia kiasi gani kwa mwaka kwenye kilomita hizo 3, linafyeka mara ngapi, na mkataba wake wa sasa unaisha lini. Majibu yatachelewa. Endeleeni kuuliza, maana hesabu hiyo ndiyo msingi wa kila kitu kitakachofuata.

Tarehe ya mwisho wa mkataba ina uzito kuliko inavyoonekana. Nyasi za mjini zinaweza kufyekwa mara kumi au zaidi kwa mwaka. Uwanda wa maua ukishakomaa huhitaji kufyekwa mara moja au mbili. Watu wengi wakisikia hivyo husema papo hapo kwamba akiba imepatikana, na ndipo wanapokosea. Akiba haiji yenyewe. Mkandarasi ana mkataba unaotaja idadi ya mizunguko. Akifyeka pungufu, bado analipwa, au anadai fidia ya kuvunjiwa mkataba. Halafu mashine yake ni ya kukata na kuacha nyasi palepale, ilhali ukanda wa maua unataka nyasi zikatwe na kuzolewa. Zikiachwa hapo huoza, huongeza rutuba, na rutuba nyingi huyapa nguvu majani makubwa yanayoyafunika maua. Kwa hiyo unahitaji mizunguko michache, lakini kila mzunguko una kazi zaidi, pamoja na mahali pa kupeleka mabaki. Akiba ipo mara nyingi, ila huonekana pale mkataba mpya unapoandikwa ukiwa na masharti mapya. Mkataba wenu ukiisha miezi 8 ijayo, hiyo ndiyo miezi yenu ya kufanya kazi. Ukiwa umesainiwa jana kwa miaka 3, pandeni sehemu ndogo tu kwa sasa, mjiandae kwa zabuni ijayo.

Chini ya nyaya za umeme hali yenu ni nzuri zaidi. Huko mwenye njia ya umeme anataka jambo moja, yaani mimea isiyorefuka, na wachavushaji wanataka jua na maua ya chini. Maslahi yanakutana. Pennsylvania, Marekani, kuna eneo chini ya njia ya umeme ambalo watafiti wamekuwa wakilifuatilia tangu 1953. Walichojifunza huko ni kwamba kichaka kifupi kilichoshikamana vizuri huzuia miche ya miti mirefu isiote kwa wingi, na kazi ya kusafisha njia hupungua. Nendeni kwa shirika la umeme na hoja hiyo ya kupunguza kazi ya kukata, kwa lugha ya fungu lao la matengenezo. Nyuki watajeni mwishoni.

Hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa nyuki wenzangu hawalipendi. Tumezoea kuanza maombi ya fedha kwa takwimu kubwa za dunia. Ni kweli kwamba takriban asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula hutegemea uchavushaji wa wanyama kwa kiwango fulani. Ni kweli pia kwamba jopo la kimataifa la sayansi ya bayoanuwai, IPBES, lilikadiria mwaka 2016 kwamba mazao yanayotokana moja kwa moja na kazi hiyo yana thamani ya dola za Marekani bilioni 235 hadi 577 kwa mwaka. Lakini thamani si mapato. Nyuki wa ukanda wenu watanufaisha bustani za nyumba mia kadhaa, miti ya barabarani, maua ya mwitu na ndege wanaokula mbegu zake, kila mmoja kidogo, na hakuna mmoja wao anayeona kwamba faida yake inatosha kumfanya atoe fedha. Faida ikitawanyika kiasi hicho, mlipaji hapatikani kwa kuambiwa kwamba jambo ni muhimu. Anapatikana kwa kuonyeshwa kitu kingine ambacho ukanda huohuo unamfanyia yeye, na ambacho tayari analipia kwa njia ghali zaidi.

Kwa upande wenu kitu hicho ni maji ya mvua. Mnafuata mfereji, na ukingo wenye mizizi hai na udongo unaonyonya hupunguza kasi ya maji na hushika tope kabla halijafika mferejini. Ipo miji iliyogeuza jambo hili kuwa chanzo cha fedha cha kudumu. Philadelphia ilianza mwaka 2011 mpango wa miaka 25 wa kushughulikia maji ya mvua kwa udongo na mimea badala ya kutegemea mabomba peke yake, na wenye majengo ya biashara hulipa ada kulingana na ukubwa wa eneo walilolifunika kwa lami, saruji na mapaa. Anayepunguza eneo hilo au kushika maji kwenye kiwanja chake hupunguziwa ada. Washington DC mwaka 2016 mamlaka ya maji ilikopa dola milioni 25 kwa hatifungani ambayo malipo yake kwa wawekezaji yalifungamanishwa na jinsi kazi ilivyofanikiwa kupunguza maji yanayotiririka. Hatifungani za namna hiyo si za kikundi cha wakazi. Gharama za wanasheria na wakaguzi peke yake zingewamaliza. Ada ya maji ya mvua, kama mji wenu unayo, ni jambo jingine kabisa. Ulizeni kama ipo, inatumikaje, na kama ukingo wa mfereji wenu unaweza kuingizwa kwenye orodha ya kazi zake. Mkifaulu, utunzaji wa ukanda unakuwa sehemu ya utunzaji wa mfereji, na hakuna diwani atakayefuta fungu la mfereji kirahisi.

Joto ni mlango wa pili. Medellín, Kolombia, ilianza mwaka 2016 kupanda shoroba 30 kando ya barabara na mikondo ya maji, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 16.3, na jiji limeripoti kupungua kwa joto kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi katika maeneo hayo. Fedha zilitoka kwenye bajeti ya jiji, na hoja iliyozitoa ilikuwa joto na hewa chafu. Wachavushaji walipata makazi kwa kuwa mimea ilipangwa kwa matabaka, si kwa sababu kulikuwa na fungu la nyuki. Jambo lililonivutia zaidi katika mpango ule ni kwamba watu wa kipato cha chini walifundishwa utunzaji wa bustani na kuajiriwa kuzitunza shoroba hizo. Mshahara wa mtunza bustani ulihesabiwa tangu mwanzo kama sehemu ya mradi.

Sasa gharama, ambayo hamuijui. Msitafute bei ya ushoroba mzima kwa pamoja, maana mtapata namba kubwa ya kutisha au ndogo ya uongo. Tenganisheni maandalizi ya ardhi, miaka 2 hadi 3 ya kuotesha na kupalilia, kisha utunzaji wa kila mwaka baada ya hapo. Wengi hushangaa kwamba mbegu ni sehemu ndogo ya gharama. Kazi kubwa ni kuondoa nyasi na magugu yaliyopo kabla ya kupanda, na kuyazuia yasirudi wakati mimea yenu ingali michanga. Anayebana fedha hapo atazilipa mara mbili baadaye. Na msinunue udongo wenye mbolea kuboresha eneo. Udongo hafifu, kwa maua mengi ya mwitu, ndio unaofaa, na ni fedha mmeokoa.

Gharama inashuka zaidi mkiangalia jinsi wadudu wenyewe wanavyosafiri. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki. Nyuki wa asali anayefugwa sana mizingani ni spishi moja tu kati ya hizo, na anaweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula. Wengi waliobaki huishi peke yao, jike mmoja na kiota chake, na wale wadogo huishia mita mia chache tu kutoka kiotani. Kwa mdudu wa namna hiyo, swali ni kama kutoka kituo kimoja cha chakula anaweza kufikia kingine. Kwa hiyo hamlazimiki kupanda kilomita zote 3 kwa mkupuo. Tengenezeni vituo vilivyoshiba maua kila baada ya mita 200 au 300, na katikati yake badilisheni ratiba ya kufyeka tu. Utafiti uliofanyika Springfield, Massachusetts, ulilinganisha nyasi za nyumbani zilizofyekwa kila wiki, kila baada ya wiki 2 na kila baada ya wiki 3. Zile za wiki 2 ndizo zilizokuwa na nyuki wengi zaidi, bila mtu kupanda ua hata moja. Sisemi wiki 2 ni kanuni ya kila mahali, maana nyasi na mvua zinatofautiana. Nasema ratiba ya mashine ni chombo cha uhifadhi, na kuibadilisha ni rahisi kuliko kununua miche.

Kwenye vituo vyenyewe, hesabuni miezi. Chagueni mimea ya asili ya eneo lenu inayopokezana kutoa maua, ili kusiwe na wiki za njaa kati ya msimu mmoja na mwingine. Huko ndiko makundi ya wadudu huvunjikia. Acheni pia vipande vya ardhi tupu yenye jua, kwa kuwa nyuki wengi wapweke huchimba viota ardhini, na magogo makavu na mabua yenye uwazi ndani kwa wale wanaotaga humo. Vipepeo wanahitaji mimea ambayo viwavi wao hula, si nekta peke yake. Ardhi tupu na gogo kavu havigharimu karibu chochote, ila mtu wa usafi ataviondoa asipoelezwa. Andikeni kwenye hati ya utunzaji kwamba vibaki.

Sasa kampuni na mizinga yake. Nianze na mizinga, kwa kuwa hapo sina shaka: ikataeni. Mzinga mmoja wenye nguvu una makumi ya maelfu ya nyuki vibarua. Mizinga 10 kwenye ukanda mwembamba inaingiza mamia ya maelfu ya walaji kwenye maua machache mnayoanza nayo, na wanaokosa ni nyuki wapweke wasioweza kwenda mbali kutafuta kwingine. Magonjwa nayo hupitishwa kwenye maua yaleyale. Ufugaji wa nyuki ni kazi ya heshima na una mahali pake, lakini mzinga ni mifugo. Mradi uliokusudiwa kuwalisha wachavushaji wa mwitu haufai kuanza kwa kuleta washindani wao. Kampuni mara nyingi hupendekeza mizinga kwa nia njema, kwa sababu ndiyo picha ya uhifadhi inayojulikana. Waelezeni hivyo kwa upole, mkiwa na kitu mbadala mkononi: ukuta wa viota, siku ya kuhesabu wadudu pamoja na wafanyakazi wao, au kituo kimoja chenye jina lao.

Fedha zao, kwa upande mwingine, msizikatae. Zibadilisheni umbo. Wamejitolea kulipia upandaji wote. Waombeni walipie nusu ya upandaji na miaka 5 ya utunzaji. Kiasi cha jumla kinaweza kuwa kilekile. Fedha za utunzaji ziwekwe siku ya kwanza kwenye akaunti ya peke yake, zitolewe kwa awamu kila mwaka kazi ikishakaguliwa. Ahadi ya “tutawapa kila mwaka” haishindi mabadiliko ya meneja au mwaka mbaya wa biashara. Bango liwe na ukubwa uliokubaliwa na muda wake wa kuondolewa. Mkataba useme wazi kwamba hakuna kupulizia viuatilifu, na kwamba miche itatoka kwenye kitalu kisichotumia dawa za kuua wadudu za jamii ya nionikotinoidi. Dawa hizo husambaa ndani ya mmea mzima hadi kwenye chavua na nekta, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya tatu kati ya hizo mashambani mwaka 2018. Ushoroba uliopandwa kwa miche yenye sumu ni mtego, na muuzaji asipoulizwa hasemi. Kampuni ikikataa kulipia utunzaji hata kidogo, hapo mmejua ilikuwa inanunua nini, na mnaweza kusema hapana kwa amani.

Michango ya mtandaoni naipenda kwa kazi moja: kuonyesha kwamba watu wapo. Watu mia tatu wakitoa kidogo kidogo, halmashauri inaona wapiga kura mia tatu. Itumieni kulipia kituo cha kwanza, karibu na mahali watu wanapopita, na msiitegemee kwa mshahara wa palizi. Mtu huchangia kitu kipya kwa moyo. Kuchangia ung'oaji wa magugu mwaka wa 4 ni nadra sana.

Hewa ya ukaa iacheni. Biashara hiyo hulipa kwa kaboni ambayo mimea imeihifadhi. Ukanda wa maua na vichaka vya urefu huo unahifadhi kaboni kidogo, na gharama za kupima, kuthibitisha na kusajili zitazidi mapato. Waambieni wanachama wenu hivyo mapema, kabla hajatokea mshauri wa kuwauzia ndoto.

Bajeti shirikishi, kama mji wenu unayo, inafaa kujaribiwa. Utaratibu huu ulianzia Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989, na leo uko katika miji mingi: wakazi hupendekeza miradi na kuipigia kura. Tahadhari yake ni ileile niliyoanza nayo. Paris, kwa mfano, ilitenga mwaka 2014 asilimia 5 ya bajeti yake ya uwekezaji kwa ajili hiyo, na fungu la uwekezaji ni la kujenga, halilipi mtunza bustani. Mkishinda kura bila kuwa na jibu la utunzaji, mmeshinda tatizo.

Kuna pia fedha za wajenzi. Katika baadhi ya nchi anayejenga hulazimika kufidia uharibifu wa mazingira. Uingereza, kwa eneo la England, tangu Februari 2024 miradi mingi ya ujenzi inatakiwa kuacha bayoanuwai ikiwa imeongezeka kwa angalau asilimia 10, na makazi yaliyotengenezwa yatunzwe kwa miaka 30. Hiyo miaka 30 ndiyo inayonifanya nilitaje jambo hili. Ni mara chache sana fedha za mimea mjini huja na muda mrefu namna hiyo. Lakini lina uchungu wake: fedha zipo kwa sababu kuna mahali pengine pamechimbwa. Kikundi chenu kijadili kama kinaridhika, hasa kama mahali hapo ni mtaa wa jirani. Sina jibu moja kwa kila kikundi. Mimi binafsi ningezipokea kama mahali palipoharibiwa pangeharibiwa hata bila ushoroba wenu, na ningezikataa kama ushoroba wenu ungetumika kumpatia mtu kibali ambacho asingekipata.

Mwanachama mmoja atauliza, na ni swali zuri, kwa nini msianzishe mfuko wa wakfu ili faida yake ilipe utunzaji daima. Fanyeni hesabu kwanza. Mfuko unaoweza kutoa asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, bila kula mtaji, unahitaji mtaji mara 25 ya gharama ya utunzaji wa mwaka mmoja. Ambako mfumuko wa bei unayumba, hata mara 25 haitoshi. Kwa kikundi kipya ni mlima. Kinachowezekana ni mfuko wa akiba wa miaka 2 ya utunzaji, wa kuwavusha pale mfadhili mmoja anapoondoka kabla mwingine hajapatikana. Wapo waliofika mbali kwa michango: bustani ya High Line ya New York, iliyofunguliwa mwaka 2009 juu ya reli ya zamani, karibu gharama zake zote za uendeshaji hutafutwa na shirika la hiari la marafiki wake. Ila hiyo iko katikati ya utajiri mkubwa, na bei za nyumba kandokando yake zilipanda sana. Msiuchukue mfano huo bila kuangalia nani anaishi kando ya mfereji wenu na kodi yake itakuwaje ukanda ukipendeza.

Mfano ulio karibu zaidi na uwezo wenu ni Oslo, ambako tangu katikati ya muongo wa 2010 wakazi, shule, ofisi na kampuni wameunganisha paa, baraza na bustani zao kuwa njia ya wachavushaji kupita mjini. Ramani ya pamoja inaonyesha pengo liko wapi, na kila mwenye kipande hubeba gharama ya kipande chake. Mnaweza kufanya vivyo hivyo pembezoni mwa ukanda: shule iliyopakana na mfereji, kiwanda chenye uzio mrefu, nyumba ya ibada yenye uwanja. Utafiti uliofanyika katika miji minne ya Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba bustani za nyumbani na vishamba vya wakazi ni kati ya maeneo ya mjini yenye wachavushaji wengi zaidi. Majirani zenu wana ardhi bora kuliko hifadhi ya barabara, na hamhitaji zabuni ili wapande.

Kabla hata mbegu moja haijaingia ardhini, hesabuni wadudu. Chagueni mraba wa sentimita 50 kwa 50 wenye maua, kaeni dakika 10 siku yenye jua, andikeni kila mdudu anayetua kwenye maua hayo: nyuki, nzi, kipepeo, mbawakawa. Rudieni mara kadhaa kwa msimu, kwenye ukanda wenu na mahali pengine panapofanana ambapo hamtagusa. Bila namba za kabla, namba za baadaye hazina cha kulinganishwa nacho, na mfadhili makini wa mwaka wa 3 atawauliza. Kazi hii haina gharama zaidi ya muda, na watoto wanaiweza vizuri sana.

Mambo mengine yanahitaji mtu wa kusimama nanyi pale pale. Kwenye hifadhi ya barabara na ukingo wa mfereji, msichimbe kabla mhandisi wa halmashauri hajaonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa, na kukubali kwa maandishi urefu wa mimea karibu na makutano ambako madereva wanahitaji kuonana. Mtaalamu wa mimea wa eneo lenu, wa chuo au wa bustani ya mimea, apitie orodha ya mbegu, maana michanganyiko ya maua ya mwitu inayouzwa inaweza kuwa na mimea vamizi. Mkataba wa kampuni usomwe na mwanasheria kabla ya saini, hasa kipengele cha nani anawajibika mtu akiumia kwenye ukanda. Na kama kikundi chenu bado hakijasajiliwa, kisajilini kabla ya kupokea fedha za mtu yeyote. Fedha za umma au za kampuni zikipita kwenye akaunti ya mwanachama mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, mtaingia kwenye matatizo ya kodi na ya kuaminiana.

Kwa hiyo wiki hii andika zile barua tatu, kwa idara ya barabara, kwa wanaotunza mfereji na kwa shirika la umeme. Waandikie kampuni pia, uwashukuru, na uwaombe wiki 6 za kuandaa pendekezo jipya lenye utunzaji ndani yake. Ukipata majibu ya gharama za kufyeka na tarehe ya mkataba, niletee, tupige hesabu pamoja ni vituo vingapi mnaweza kuvibeba kwa mwaka wa kwanza. Nadhani vitakuwa viwili au vitatu.